Gitaa la kishindo na mita ya kompyuta

Swali: Bendi yetu hapa Ifakara hurekodi gitaa kwa maikrofoni mbele ya spika ya amplifaya. Fundi husukuma mita hadi ikaribie sifuri ili sauti ijae. Yuko sahihi?

Jibu: Hapana. Mazoea hayo yalifaa enzi za mkanda, Radio Tanzania ilipokuwa ikirekodi bendi kama Morogoro Jazz: mkanda ulikuwa na kelele yake, na ukizidiwa ulilainisha sauti taratibu. Dijitali ina dari kwenye desibeli 0. Kinachozidi hukatwa, hakirudi. Mpigo wenu mzito kabisa uishie karibu na hasi 12. Mtaambiwa mnapoteza ubora. Lakini kwenye biti 24 kila biti ni takriban desibeli 6, kwa hiyo mnaacha biti mbili tu, na mvumo wa amplifaya yenyewe (tusiwataje vyura wa mashamba ya mpunga) unazidi mno kelele za kadi ya sauti.

Wengine watasema mkwaruzo ndio ladha ya gitaa. Naam, ila utoke kwenye amplifaya. Ifungulieni mpendavyo, kisha punguzeni geini ya maikrofoni kwenye kadi. Kushusha sauti ndani ya programu hakusaidii; mawimbi yamekwisha kukatwa mlangoni.