Alama 14 za mjukuu wangu ni haba?

Swali: Mimi ni bibi wa Macaloe, sasa naishi Pemba ya Msumbiji kwa sababu ya vita. Mjukuu wangu amefaulu darasa la 12, Kireno amepata 14. Nimejaa furaha, lakini ndugu zangu wa Mtwara wanauliza, "Kumi na nne tu?" Niwajibu nini?

Jibu: Shikamoo bibi, na hongera sana! Ndugu zako wanahesabu kwa mia. Shule za Msumbiji zinahesabu kwa 20, na kufaulu ni kuanzia 10. Kwa hiyo 14 yake ni sawa na 70 kwa mia. Waambie hivyo, watanyamaza.

Tena wakumbushe kwamba mjukuu wako nyumbani anasema Kimwani, lugha ya pwani yenu, lakini mtihani ameuandika kwa Kireno, lugha aliyoikuta darasani. Na tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya vita hivi yalipoanza Mocímboa da Praia, watoto wengi wa pwani hii wamekatiwa masomo, wakahama na daftari moja au bila hata hilo. Mimi 14 ya mtoto kama huyo naiheshimu mno.

Mpikie pilau, waite majirani. Ila cheti chake kitafutie mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kikae pamoja na kitambulisho chake. Akitaka chuo kikuu cha serikali, kuna mtihani mwingine wa kuingilia, na karatasi hizo ataulizwa. Chuo Kikuu cha Lúrio kina kampasi hapo hapo Pemba. Aende mwenyewe akaulize tarehe za kujiandikisha.