TONA YA USO KUTOKA BUSTANINI

 Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliniomba niandike makala ya mafunzo. Kwa kuwa mambo ya ngeli na uakifishaji yamekwisha andikwa na magwiji walionitangulia, nimeona nije na jambo linalozungumzwa sana mabwenini baada ya taa kuzimwa, nalo ni uso. Hasa nitasema juu ya yale maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, ambayo wauza vipodozi huyaita tona.

Tuanze na neno lenyewe, maana hiki ni chama cha lugha. Neno hili limekuja na chupa kutoka ng'ambo, lakini limekuta Kiswahili tayari kina "tona" yake. Kutona ni kudondoka tone moja moja, kama lile bomba la maji la bweni letu usiku kucha. Tena watu wa pwani husema kutona hina, yaani kumpaka bibi harusi hina mikononi na miguuni. Kwa hivyo mgeni huyu ameingia katika nyumba yenye jamaa wanaofanana naye: yeye ni maji, hudondoshwa kwenye pamba, na hupakwa ngozini. Nilipomweleza mwalimu wetu wa Kiswahili alicheka sana, akasema neno la namna hiyo lipewe uraia mara moja.

Sasa je, tona hufanya kazi gani? Hapa sharti tuingie kidogo katika somo la Kemia, na wale wanaolikimbia wanivumilie. Mnakumbuka kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, aghalabu karibu na 5, na asidi hiyo ni kama askari wa zamu, kwani huzuia baadhi ya vijidudu visistawi. Sabuni yetu ya kipande, ile tunayofulia soksi na kunawia uso kwa mkupuo mmoja, ina pH ya kati ya 9 na 10. Kila hatua moja katika kipimo hiki ni mara kumi. Kutoka 5 hadi 9 ni hatua nne, yaani mara elfu kumi! Ndiyo maana ukinawa kwa sabuni hiyo uso unakakamaa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Ngozi hujirudisha yenyewe baada ya saa kadhaa, lakini maji yenye asidi hafifu huondoa mabaki ya sabuni na kuipunguzia kazi.

Basi, hiyo ndiyo kazi yote ya tona. Haiondoi chunusi kama mchawi anavyoondoa pepo, na haifungi matundu ya ngozi, kwa sababu matundu hayo hayana misuli ya kujifungua na kujifunga kama mlango. Wala haimfanyi mtu awe mweupe. Hili la mwisho nitalirudia hapa chini, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu nizungumzie ndimu kwanza. Ukiingia bweni lolote utasikia, "Paka ndimu, chunusi zitakauka." Asidi ni asidi, si ndiyo? Lakini wapi! Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, na kutoka 5 hadi 2 ni mara elfu moja. Umeikimbia sabuni ukaangukia kwenye moto. Na kuna jambo baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Ndani ya ndimu na limau, hasa kwenye maganda, mna kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huamka na kuiunguza. Ngozi huwa nyekundu, hutoa malengelenge, halafu huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja, alipaka ndimu asubuhi kisha akasimama uwanjani kwenye mazoezi ya riadha mpaka saa saba. Kufikia siku ya tatu alikuwa na michirizi shavuni kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Alifunga muhula huo akiwa amejifunika leso. Hakuna aliyemwambia kwamba ndimu ilitaka kivuli.

Wengine, baada ya ndimu kuwashinda, hukimbilia vikopo. Nazungumza juu ya krimu za kung'arisha zinazouzwa sokoni bila anwani ya mtengenezaji. Mwaka 1998 nchi yetu ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni, na bado vinapenya. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, hapo ndipo weupe unapotoka, lakini hupita ngozini ikaingia mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kumgeuka mtumiaji, ikamwachia madoa ya rangi ya samawati iliyokolea, na hayo hayatoki kwa urahisi. Dalili moja ya kukusaidia ni hii: ukiona maandishi kwenye kopo yanayokuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa pete ya dhahabu, fedha au alumini, weka chini uondoke. Zebaki hushambulia madini hayo. Kitu kinachokula pete, dada yangu, kitaliacha shavu?

Haya, tuingie jikoni. Nimechagua waridi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni desturi yetu. Nyanya yangu ni mzaliwa wa Mombasa, na katika kabati lake kuna mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu kama ya korongo na matundu madogo kichwani. Hutiwa maji ya waridi, na wageni wakaja harusini au maulidini hunyunyiziwa. Mrashi na marashi ni mtu na ndugu yake. Yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza. Ng'ambo ya bahari, huko Oman kwenye milima ya Al Jabal Al Akhdar, mawaridi huchumwa alfajiri kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na maji yake hutolewa kwa mvuke juu ya tanuri za udongo. Sababu ya pili ni kwamba njia yenyewe ni somo zima la kutenganisha vitu, ila safari hii linanukia.

Swali la kwanza: waridi gani? Nchi yetu husafirisha mawaridi mengi kutoka mashamba ya Naivasha, na vishada vyake hupatikana hata kando ya barabara. Usiyatumie! Maua ya kuuza hupuliziwa dawa za kuua wadudu, na kwa kuwa hayaliwi, hakuna aliyekusudia yaguse mwili wa mtu. Tena mengi yamezalishwa ili yadumu kwenye chupa, si kwa ajili ya harufu. Yanukishe uone, ni kama kunusa karatasi. Tafuta waridi la nyumbani lenye harufu na lisilopuliziwa dawa. Sisi tulipata kwa mama mmoja jirani wa shule, naye alikataa pesa, akataka tu chupa ya kwanza. Chuma asubuhi umande ukiwa unakauka, kabla jua halijachukua harufu.

Vyombo ni vya kawaida. Sufuria kubwa, bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, jiwe safi la kuliinua bakuli, na karai la duara linaloweza kukaa juu ya sufuria. Katika vitabu utaambiwa ugeuze kifuniko juu chini. Lakini vifuniko vya sufuria zetu ni bapa kama sahani, mvuke hutiririkia kandokando badala ya katikati. Karai lina tumbo la duara, na matone yote hukutana pale chini kabisa, yakatona ndani ya bakuli. Shangazi yangu ndiye aliyefikiria karai. Mimi nilikuwa bado nahesabu senti za kununua kifuniko.

Weka jiwe katikati ya sufuria na bakuli juu yake. Zungushia petali vikombe vitatu hivi, zilizooshwa. Mimina maji safi mpaka petali zifunikwe, lakini yasilifikie bakuli. Weka karai juu, ulijaze maji baridi, na barafu ukiipata. Washa moto mdogo. Nasema mdogo! Maji yakichemka kwa fujo yataruka yaingie bakulini, nawe utakuwa umepika chai ya maua. Mvuke unapanda ukiwa umebeba harufu, unaligusa karai baridi, unarudi kuwa maji, unatona. Kila maji ya karai yakipata joto, yateke na kikombe uweke mengine. Baada ya nusu saa au dakika arobaini fungua kwa uangalifu, maana mvuke huunguza vibaya. Utakuta maji maangavu, kikombe kimoja au pungufu. Zile petali sufuriani zitakuwa zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie vyombo vya maabara, vile virefu vya kioo, kazi ikaisha vizuri. Hapana. Vyombo hivyo vimepitiwa na asidi kali na chumvi za risasi tangu kaka zetu wakubwa wakiwa hapa. Kinachotoka maabarani hakipakwi usoni. Sisi tulifanyia kazi yetu katika jiko la somo la Sayansi ya Nyumbani. Maabarani tulikwenda tu kuomba karatasi za kupimia pH, na zilituonyesha maji yetu yakiwa upande wa asidi hafifu, mahali tulipotaka.

Ukipenda yawe na utelezi kidogo, ongeza mshubiri. Huu ni mmea unaojulikana kila kona ya nchi: Wajaluo huuita ogaka, Wakamba kiluma, Wamaasai osukuroi. Lakini majina hayo ni ya ile mishubiri ya porini, na hiyo tuiache ilipo. Tangu 1986 kulitolewa amri ya rais ya kuilinda, kwa kuwa watu walikuwa wakiimaliza kwa ajili ya utomvu. Tumia ule wa kupandwa kwenye kopo nyumbani, wenye majani manene ya kijani yaliyofifia. Kata jani moja, lisimamishe kwenye gilasi robo saa ili utomvu wa manjano utoke wote. Utomvu huo ndio uliozaa msemo "chungu kama shubiri", nao huwasha ngozi. Kisha menya, chukua ile nyama angavu kama yai bichi, ioshe, iponde, uchuje kwa kitambaa. Kijiko kimoja cha chakula katika nusu kikombe cha maji ya waridi kinatosha.

Na asiye na waridi je? Achemshe maji, atie majani ya chai ya kijani kijiko kimoja kwa kikombe, ayaache mpaka yapoe kabisa, achuje. Chai ina tanini, ile inayokausha ulimi, nayo huikaza ngozi kidogo kwa muda. Majani ni ya Kericho au Limuru, hayakuvuka bahari. Tango pia linafaa kwa kupoza uso uliochomwa na jua. Ukilikwaruza na kulikamua utapata maji yake, ambayo ni karibu yote ya tango lenyewe. Zaidi ya kupoza sikuona kitu, na wanaolisifia zaidi ya hapo nadhani wanauza matango.

Kabla hujapaka usoni, paka tone moja ndani ya kiwiko, ukae siku nzima, na ikiwezekana siku mbili. Mmea kuwa wa asili hakumaanishi kuwa ni mpole. Upupu nao ni wa asili. Pakiwasha au pakivimba, hilo si lako, mpe mwingine ajaribu kwenye kiwiko chake. Wenye chunusi kubwa zenye usaha wamwone muuguzi wa shule, tona haiwahusu.

La mwisho ni uhifadhi, na hapa nawasihi wenzangu wa bweni. Vilivyo dukani vina dawa ya kuzuia uozo, vyetu havina. Chemsha chupa dakika kumi kabla ya kuitumia, iandike tarehe, na usichovye vidole ndani. Mimina kwenye pamba au kiganja. Katika friji maji ya waridi matupu yanaweza kukaa wiki moja, na yenye mshubiri au tango siku tatu nne tu. Bwenini hatuna friji. Kwa hivyo tengeneza ya kutumika siku hiyo, au umwombe mama wa jikoni akuwekee kwenye jokofu la maziwa, naye atataka kujua ni nini, umweleze. Yakiwa na ukungu, utando au harufu ya kuchacha, yamwagie mwaridi.