Vakansi hii, nendeni mnakojulikana

Wadogo zangu wa Butembo, wa Mususa, Kimemi, Vulamba na Bulengera, nanyi wa Beni msiopenda kusahauliwa, barua za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja. Mama wa watoto wanne, hapa hapa Mususa, anasema tangu masomo yafungwe watoto wake wanashinda wakigombana uani. Wanaona kwenye simu picha za binamu zao wa Kampala wakiogelea, wanamuuliza zamu yao ni lini. Baba yao akisikia neno matembezi anajibu kwa neno moja tu: minervali. Septemba hiyo inakuja, na mama wa watu anataka nimwambie awapeleke wapi.

Mdogo wangu, tuanze na mumeo, maana hapo ana haki. Shule za msingi za serikali hazilipishi tangu Septemba 2019, lakini shati jeupe na sketi ya buluu hazishuki kutoka mbinguni, na mwenye mtoto sekondari anajua mwenyewe anavyolala. Kwa hiyo funga hesabu ya Septemba kwanza. Toa pesa ya madaftari, ya viatu, ya fundi wa kushona na ya minervali, iweke mahali ambapo mkono wako haufiki. Kama unamwamini mtunza sanduku wa likelemba yenu, mpe yeye. Kitakachobaki, hata kikichekesha kwa udogo, hicho ndicho cha kutembelea. Mtoto aliyefukuzwa darasani Oktoba hatakushukuru kwa safari ya Agosti.

Mumeo anakosea pale anapodhani matembezi lazima yawe bwawa la kuogelea. Nawe unakosea pamoja naye, kwa sababu umeniuliza wapi ni pazuri. Mimi nakuuliza: wapi mnajulikana?

Pazuri tunapo kwetu mpaka tumepazoea. Parki ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, kabla ya koko zetu wengi kuzaliwa. Ruwenzori iko hapo mashariki, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, karibu na ikweta, pamoja na barafu yake. Kyavinyonge kuna Ziwa Edouard, kuna samaki, kuna viboko wanaopanda hadi karibu na nyumba za watu. Uzuri haujatukosa. Kilichotukosa ni njia. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa kandokando ya Beni, na kuna vijiji ambako mwenye shamba hajalala kwake kwa miaka. Tangu Mei 6, 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi. Upande wa kusini nako, Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na vita ikausogelea mji wa Lubero. Katika nchi ya namna hii, anayepanga safari ya familia kwa kutazama picha anaanzia mwisho. Anza na njia, halafu chagua siku, mahali pawe pa mwisho.

Na njia utaijulia kwa nani? Redio itakuambia ya jana. Atakayekuambia ya leo ni mtu aliyelala upande wa pili. Kama una shangazi Kyondo, mpigie Ijumaa jioni, halafu mpigie tena Jumamosi asubuhi kabla hujawavalisha watoto. Akisema njooni, nendeni. Akisita hata kidogo, akaanza kuzungukazunguka na maneno, bakini nyumbani na msimlazimishe aeleze. Kuna mambo hayasemwi kwenye simu. Hiyo ndiyo maana yangu ya kwenda mnakojulikana. Hoteli yenye bwawa haitakupigia kukuambia usije.

Mengine mnayajua lakini nitayarudia, kwa sababu nawaona barabarani. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54, na watu wanaichukulia kama njia ya kwenda sokoni. Muulize dereva aliyeingia leo, siyo yule aliyeingia jana. Ondokeni jua likiwa limetoka kabisa, na saa kumi ya mchana muwe mmeshageuka. Kila mtu mzima awe na kadi yake ya mchaguzi, na mwanafunzi wa sekondari abebe karatasi ya shule yenye jina lake. Kwenye bariera anazungumza mtu mmoja tu, na asiwe yule mjomba anayependa kubishana. Halafu ile habari ya mama, watoto watatu, mfuko wa ndizi na motari juu ya moto moja: nakataa. Chukueni moto mbili. Kama pesa ya moto ya pili haipo, basi safari hiyo haipo, mtatembea kwa miguu hadi mahali pa karibu.

Tena msingoje wiki ya mwisho. Julai tunakula vumbi, lakini Agosti ikishafika katikati mvua inarudi, na zile njia za milimani zinakuwa sabuni.

Sasa nikuambie safari ambayo mimi ningeiweka ya kwanza, na wengi wenu mnaipita kwa haraka. Agosti 1 ni sikukuu ya wazazi, nchi nzima inapumzika. Asubuhi watu wanakwenda makaburini kufyeka majani na kusafisha, na baadaye watoto wanawasherehekea wazazi walio hai. Naona familia nyingi zinawatuma wanaume wawili na panga moja, watoto wanabaki nyumbani wakingoja kuku. Wapelekeni watoto. Agosti 1 hiyohiyo, mwaka 2018, ndiyo siku Ebola ilipotangazwa kwetu, ikianzia upande wa Mangina. Ilitangazwa kwisha Juni 25, 2020, na ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 2,200. Mnakumbuka tulivyozika. Timu zilikuja na mavazi yao, familia ikasimama mbali, watoto hawakukaribia kabisa. Leo kuna mtoto ambaye shangazi yake amelala makaburini Kitatumba naye hajawahi kuonyeshwa ni wapi. Mnyooshee kidole. Mpe jembe dogo afanye kazi, asisimame kama mgeni. Akiuliza maswali, mjibu kwa ukweli kadiri ya umri wake, na akichoka akaanza kukimbiza panzi, mwache akimbize panzi. Halafu mrudi nyumbani mle huyo kuku.

Baada ya hapo ndipo kijijini. Narudi kwa shangazi wa Kyondo, au koko wa Musienene, au yeyote uliye naye upande uliotulia. Usiende mikono mitupu: sukari, chumvi, sabuni, mkate wa mjini. Na mfuko mtupu uchukue, maana utarudi na maparachichi, kabichi, viazi, pengine na ndizi ambayo hujui utaipakia wapi. Mwonyeshe mumeo mzigo huo wa kurudi kabla hajauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi. Samahani, faranga ngapi. Mpaka wa Kasindi umetuharibu sote.

Huko watoto wasikae sebuleni na simu. Mwombe koko awape kazi za kweli: kuchambua maharagwe, kumshika mbuzi, kuchota maji, kuokota kahawa kama ni msimu. Watoto wetu wa mjini wengi wanakisikia Kinande lakini wakijibu wanajibu kwa Kiswahili, na koko atawacheka. Acha awacheke. Usiwatafsirie. Kufika jioni watakuwa wameokota maneno kumi ambayo wewe mwaka mzima umeshindwa kuwafundisha. Na mwambie yule mkubwa aulize kwa nini nyumba hii ina Paluku watatu na ile Masika wawili. Hapo koko ataanza na nani alizaliwa wa kwanza kwa nani, na hamtamaliza leo. Ukoo unaotajwa hivyo, kwa mtoto aliyekaa chini na bakuli la maharagwe, unaingia kuliko ukiuandika daftarini.

Najua kuna ninyi ambao kijiji kimefungwa. Mko Mususa lakini kwenu ni Eringeti, ni Oicha, ni mahali ambapo hata jina lake ninyi wenyewe mnalitaja kwa sauti ya chini. Ninyi nawaambia: ndugu zenu wamo humu mjini, wametawanyika, mmoja amekodi chumba, mwingine amepokelewa na familia. Watafuteni. Chukueni Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa au ibada, mkutane kwa mmoja wao, kila nyumba ije na sufuria yake, bugali, sombe, samaki kama yupo. Kijiji kikiwa hakifikiki, watu wake bado wanafikika. Na mwenyeji asielemewe: kuni na makaa mje nayo ninyi.

Kasese nimeulizwa pia. Wenye ndugu Wakonzo ng'ambo ya mpaka, jueni kwamba Julai na karibu Agosti yote watoto wa Uganda wako darasani, muhula wao wa pili unaisha mwishoni mwa Agosti. Ukiwapeleka watoto Julai watacheza na kuta. Na mtapita Kasindi, kwa hiyo lile swali la njia liko palepale. Wenye uwezo nendeni. Mimi sitaizungumzia zaidi.

Kwa ambaye hata moto moja hawezi kuilipa mwezi huu, nina jambo la uani, na nalipenda kuliko yote. Tafuteni kijiti kilichonyooka cha mita 1, mkisimike wima mahali pasipo kivuli. Saa sita mchana kamili watoto wapime kivuli chake kwa utepe wa fundi. Sisi tuna bahati: mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, ambayo inapita kati yetu na Lubero, na saa yetu ya mkononi inakaribiana sana na saa ya jua. Agosti 1 kivuli kitakuwa na sentimita kama 32, na kitalalia upande wa Lubero, yaani kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Watoto wapime kila Jumamosi na waandike ukutani kwa makaa (utapaka chokaa baadaye, usiwe mkali). Kivuli kitapungua kila wiki. Septemba 1 kitakuwa kama sentimita 14 tu. Na kama tarehe 23 Septemba, wakiwa wameshaingia darasani, jua litapita juu ya kichwa na kijiti kitakosa kivuli, au kitabaki na cha kutafutwa kwa macho. Mtoto atakayemwambia mwalimu wa jiografia jambo hilo kabla mwalimu hajalisema, atakuwa amepata vakansi yake. Mvua ikiharibu Jumamosi, pimeni Jumapili.

Mtoto anayeanza mwaka wa kwanza ana safari yake ya peke yake. Wiki ya mwisho ya Agosti, mtembeze kwa miguu hadi shuleni, mara kadhaa, wewe ukiwa nyuma na yeye akiwa mbele. Akosee njia wewe upo. Mwonyeshe mahali pa kuvukia barabara yenye moto nyingi, na mama gani wa kibanda atamkimbilia akipotea. Msalimieni huyo mama, nunueni mandazi mawili, amjue kwa sura na kwa jina. Inaonekana ni jambo dogo. Septemba mtakuja kuniambia.

Nimebakiza barua moja, ya msichana wa miaka kumi na saba. Anasema kwao wanatembea sana, amekwenda kijijini, amekwenda makaburini, na kila mahali alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Wadogo zake wanacheza, kaka yake anayemfuata amelala chini ya mwembe, yeye anapuliza moto. Akilalamika anaambiwa wewe ni mkubwa. Anauliza kama ana haki ya kuchoka.

Unayo, mwanangu. Lakini jibu langu si lako, ni la mama yako, na kama mama yako ni yule wa watoto wanne aliyeandika juu, basi asome vizuri. Mama, binti yako naye yuko vakansi. Septemba anaingia sekondari ya juu, na mtihani wa serikali hautamuuliza alibeba nani mgongoni. Mkienda kwa shangazi, gawa kazi usiku wa kuamkia safari, kila mtu akisikia: huyu mvulana wa miaka kumi na mitano ataosha vyombo, na asikuambie hajui, vyombo havina kabila. Baba atabeba mtoto mdogo kupanda mlima, mgongo anao. Na kabla vakansi haijaisha mpe huyo binti siku moja isiyo na kazi ya nyumba, aende kwa rafiki zake, au kwaya, au kusukwa nywele za kuingilia masomo. Muulize tu yale unayomuuliza dereva: unapita njia gani, uko na nani, utarudi saa ngapi. Akishakujibu, mpe nauli, na usimtume chumvi.