Pedali ya Busta na Gitaa la Solo

Gitaa la solo lisiposikika kwenye benga, mpigaji ni kama bubu. Yalinikuta mimi katika bendi yetu ya mtaani. Besi na kinanda vilinimeza, nikauza kuku wawili, nikaongeza akiba yangu, nikanunua pedali ya busta iliyokwisha kutumika. Kumbe kazi yake sikuijua!

Busta huongeza nguvu ya umeme mdogo utokao kwenye gitaa kabla haujafika kwenye amplifaya. LPB-1 ya Electro-Harmonix, iliyotoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na transista moja tu. Sasa, amplifaya ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, haina pa kuongeza. Sauti hukwaruza tu. Wapigaji wa roki huupenda mkwaruzo huo. Sisi wa benga, wapi! Ilibidi nipunguze amplifaya kwanza. Hapo nikikanyaga wakati wa solo, kila uzi unasikika.

Ukienda kununua, beba gitaa lako ulijaribu. Tazama alama ya adapta pia: pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati. Mimi niliazima ya kinanda, chanya katikati. Pedali ikatoa moshi, na fundi akanila pesa za kuku wa tatu.