Majibu Yetu kwa Watafiti Yanaishia Wapi?

SWALI: Nauza mitandio Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Watafiti wanakuja na madodoso, nawajibu huku wateja wananipita. Majibu yetu yanaishia wapi?

JIBU: Ndugu yangu, una haki ya kulalamika. Mengi yanaishia kwenye ripoti za Kiingereza ambazo hutaletewa, wala diwani wako hatazisoma. Inaniuma, kwa sababu hasara yake tunaiona. Machinga Complex, jengo la wamachinga pale Ilala, vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka kwa kuwa wateja hawakuwa wakipita huko, jambo ambalo mmachinga yeyote angekueleza akiwa anakunja bidhaa zake.

Lakini yapo yaliyofika. Mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kata zinazofurika, Tandale ikiwemo. Walitembea na wakazi, mtaro kwa mtaro, kichochoro kwa kichochoro. Mkazi akionyesha ukutani maji yalipofika, jambo hilo liliandikwa. Ramani zikawekwa wazi, yeyote anayepanga kukabili mafuriko azitumie.

Kwa hiyo, akija mwingine, mwombe kwanza barua ya utambulisho. Akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, aonyeshe pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha muulize: matokeo mtayasoma lini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wetu wa mtaa? Mwenyekiti wa mtaa aiandike tarehe hiyo. Asipoweza kuitaja, endelea kuhudumia wateja wako.