NJOO NA WOGA WAKO

Kijitabu cha nyumbani kwa mama aliyepewa tarehe ya kuzaa kwa operesheni, na kwa wote wanaoishi naye. Kalemie, mkoa wa Tanganyika

Neno la kwanza

Ukipewa tarehe ya operesheni, usingoje moyo utulie: njoo hopitali siku moja kabla, na woga wako wote.

Kwa nini tunaandika

Katika zoni zetu mbili za afya, Kalemie na Nyemba, jambo moja linajirudia hata linachosha. Mama anahudhuria CPN, yaani kliniki ya wajawazito, vizuri. Anaelezwa kwamba mtoto amelala kikingama, au kondo limetangulia mbele ya mtoto, au amekwisha kupasuliwa mara mbili na haifai kumwachia uchungu. Anapewa tarehe. Anarudi nyumbani, anaificha kadi chini ya vikwembe, na hasemi neno. Tarehe inapita. Siku chache baadaye analetwa usiku juu ya pikipiki, uchungu umeshika, damu inatoka, watu wa nyumbani wanalia. Mama huyo hakukosa akili wala hakukosa elimu. Aliogopa, akadhani woga ule ni sababu ya kukaa. Kijitabu hiki kinabishana na wazo hilo moja tu: kwamba mtu anapaswa kuwa ametulia ndipo aende. Si kweli. Daktari anamhitaji mama aliyefika. Kutulia kwake si sharti.

Woga si ugonjwa, tena si ishara

Mtu anayejua siku na saa ambayo tumbo lake litafunguliwa, naye yu mzima, anatembea, anapika, hawezi kukosa kuogopa. Anayepatwa na ajali hana muda wa kuogopa. Wewe umepewa wiki mbili au tatu za kufikiri, na kila usiku akili inatafuta jambo jipya. Usingizi unapotea, moyo unadunda, mikono inatoa jasho, machozi yanakuja bila sababu. Hayo huwapata mama wengi, hata wale waliokwisha kupasuliwa mara mbili. Hayaonyeshi kwamba operesheni yako itaharibika. Kuna wanaosema, “Kama moyo wangu unakataa, ni Mungu ananionya.” Jibu letu ni kwamba moyo unaogopa vilevile kabla ya operesheni zinazokwenda vizuri, nazo ndizo nyingi. Woga ungekuwa unatabiri, mama wachache sana wangetoka hopitali na watoto wao mikononi.

Woga una hatari yake, lakini hatari hiyo haiko ndani ya moyo. Iko katika yale unayomfanya mtu atende: kuficha tarehe, kuahirisha, kuhamia kwa shangazi asikojulikana, kunywa dawa ya miti, kujifungia katika chumba cha maombi mpaka uchungu uje. Kwa hiyo hatukuambii “usiogope”, maana neno hilo halijamsaidia mtu yeyote. Ogopa, lakini uogope ukiwa kitandani hopitali, siku moja kabla ya tarehe.

Operesheni ya mpango na operesheni ya haraka

Mama wengi wanahesabu hivi: “Operesheni inaua, kwa hiyo nikiikimbia nimeokoka.” Hesabu hiyo tuitazame vizuri, maana upande mmoja ina ukweli. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba kati ya mama 1000 waliozaa kwa operesheni, kama 5 walikufa. Ni wengi mno, hatutaficha. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya operesheni hizo zilikuwa za haraka, na kwamba miongoni mwa walio katika hatari kubwa ni mama waliofika wakiwa wanavuja damu kabla ya kuzaa au mji wa mimba umepasuka. Kwa mama hao hatari ilianza kabla hawajafika mezani.

Kwa mama mwenye tarehe, kukimbia tarehe hakuifuti operesheni. Mtoto aliyekingama hatapita kwa sababu mama amekaa nyumbani. Kondo lililotangulia halitasogea siku za mwisho kwa sababu familia imefunga kula na kuomba. Kinachobadilika ni saa na hali. Operesheni ya mpango inafanywa mchana, daktari amekwisha kulala usingizi wa kutosha, damu yako imepimwa, ndugu wawili wa kutoa damu wanajulikana kwa majina. Ile ya haraka inakuja saa nane ya usiku, umeme wa kituo cha Bendera labda umekatika na watu wanatafuta mafuta ya jenereta, ndugu wa damu yuko Lubuye na simu yake imezimwa. Wavuvi wa hapa wanafahamu tofauti ya kuingia ziwani asubuhi maji yametulia na kuingia usiku katika dhoruba: ziwa ni lilelile na mtumbwi ni uleule. Basi woga wako ukikwambia kaa, jiulize unaikimbia operesheni ipi na unaiendea ipi. Usingoje moyo utulie. Njoo siku moja kabla.

“Madaktari wanapenda kupasua ili wapate pesa”

Tunasikia neno hili katika kila avenyi, na si haki kulifukuza kwa hasira. Ziko nchi duniani ambako operesheni zinazidi mahitaji. Hapa kwetu tatizo ni kinyume. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika Kongo nzima, kati ya kuzaa 100, kama 5 tu kulikuwa kwa operesheni. Shirika la Afya Duniani linasema vifo vya mama na watoto wachanga vinazidi kupungua kadiri hesabu hiyo inavyopanda kufikia 10. Maana yake, wako mama wengi wanaohitaji operesheni na hawaipati. Hata hivyo shaka yako ina dawa, nayo ni kuuliza. Muulize daktari au mkunga: “Ni kwa sababu gani mimi?” Sababu iandikwe kwenye kadi yako. Kama hukuelewa, rudi na mumeo au dada yako, uulize tena. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoisikia kabla ya kutia sahihi. Kuuliza mara tatu ni bora kuliko kunyamaza na kutoroka mara moja.

“Bibi zetu walizaa bila kupasuliwa”

Wengi walizaa hivyo, ndiyo, na wengine walikufa nao hawakuacha wa kusimulia. Tena si kweli kwamba operesheni ni jambo la Wazungu tu. Mwaka 1879, kule Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari Mwingereza Robert Felkin aliwakuta wapasuaji wa Kiafrika wakimzalisha mama kwa kumfungua tumbo. Walimnywesha pombe ya ndizi ili asisikie sana, wakaosha mikono na tumbo lake kwa pombe hiyo, wakazuia damu kwa chuma cha moto, wakafunga kidonda kwa pini za chuma na kupaka dawa ya mizizi. Baada ya siku 11 kidonda kilikuwa kimefunga, na mama na mtoto walikuwa wazima. Felkin aliyaeleza hayo Edinburgh mwaka 1884. Mama yule hakuwa na sindano ya ganzi wala damu ya kuongezewa. Wewe unavyo. Anayekwambia kwamba mwanamke aliyepasuliwa ni mvivu wa kuzaa, au kwamba amefichua uzinzi wake, mwambie kwamba namna mtoto alivyolala tumboni haina uhusiano na tabia ya mama yake.

Maonyo. Yasomwe kwa sauti mbele ya wote

Usinywe dawa ya miti ya kuleta au kuharakisha uchungu. Kwa mama mwenye kovu la operesheni dawa hiyo inaweza kupasua mji wa mimba, na mtoto anaweza kufa kabla hamjapata pikipiki. Usikubali tumbo likandwe ili “mtoto ageuke”. Usinywe pombe ya lutuku ili kujipa moyo, wala vidonge vya usingizi vya kununua sokoni; vinachanganyikana vibaya na dawa za ganzi. Usile bukari alfajiri ya operesheni ili “upate nguvu”: acha kula saa zisizopungua 6 kabla ya operesheni, na maji uyaache saa utakayoambiwa, maana ukitapika ukiwa chini ya dawa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Ukiwa umekula, hata kidogo, sema, hakuna atakayekupiga. Mama mkwe, usimlazimishe mama akiri majina ya wanaume, eti ndipo azae salama. Mchungaji, mwombee, umwekee mikono, umsindikize mpaka mlango wa hopitali. Usimweke kanisani kungoja muujiza tarehe inapopita, maana kumwombea kunawezekana hata akiwa kitandani. Baba, usisafiri wiki ile. Na wewe mama, tunarudia: usingoje uchungu nyumbani. Usingoje ndoto nzuri. Usingoje moyo utulie. Njoo siku moja kabla.

Uchungu au damu ikianza kabla ya tarehe

Ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku.

Yatakayofanyika siku hiyo

Sehemu kubwa ya woga ni kutojua, ndiyo maana tunaeleza. Utapimwa, utaoga, utavaa nguo ya hopitali, utawekewa maji kwenye mshipa na mpira wa mkojo. Mara nyingi utachomwa sindano ya mgongo ukiwa umekaa umeinama. Miguu itakuwa mizito, kisha itakufa ganzi. Hilo ndilo linalotakiwa, na nguvu zinarudi baada ya saa chache. Wapo wanaosema sindano hiyo inalemaza. Kulemaa ni jambo la nadra sana, na mama wanaochomwa leo wengi wao wanasimama kando ya kitanda kesho yake. Utakuwa macho. Utasikia kuguswa, kusukumwa na kuvutwa, lakini hupaswi kusikia maumivu ya kukatwa. Ukiyasikia, sema kwa sauti, wataongeza dawa. Unaweza kutetemeka, kusikia kichefuchefu au kizunguzungu. Sema pia, wanajua la kufanya. Mtoto anatolewa mapema, mara nyingi katika dakika za kwanza, na muda unaobaki ni wa kushona. Kwa kawaida kazi yote haizidi saa moja. Omba mtoto awekwe kifuani pako mapema kama hali yenu ni nzuri. Mama aliyepasuliwa ananyonyesha kama mama mwingine.

Usiku wa kuamkia operesheni

Usiku huo ndio mgumu, nasi hatuna dawa ya kuufanya mwepesi. Yako mambo madogo yanayosaidia. Mwambie mkunga wa zamu, “Ninaogopa jambo hili,” ukalitaja: kufa, sindano, kuacha watoto, deni. Woga uliotajwa unaweza kujibiwa, na ule wa kufichwa hukua usiku kucha. Vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe polepole zaidi kwa mdomo, mara nyingi, mpaka mabega yashuke. Imba wimbo wa dini yako kwa sauti ya chini. Chagua mtu mmoja wa kulala karibu nawe, asiwe yule anayehesabu waliokufa. Dada aliyepasuliwa akapona anafaa kuliko jirani mwenye hadithi kumi. Kama huzuni imekuwa nzito hata huwezi kula kwa siku nyingi, au unafikiri kujidhuru, mwambie daktari mara moja bila haya.

Pesa

Woga wa deni unawakimbiza mama wengi kuliko kisu. Wanasikia habari za waliozuiliwa hopitali kwa kukosa malipo, na habari hizo si za kubuni. Faida ya kuwa na tarehe ni kwamba hata deni linaweza kupangwa. Siku ile ile unayopewa tarehe uliza bei, uliza kilicho bure na cha kununua, uandike. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo ulianzia Kinshasa mwezi Septemba 2023 na umekuwa ukipelekwa mikoa mingine. Uliza kama hopitali yako imo. Omba zamu yako ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa, iangukie mwezi wa operesheni. Ongea na ofisi ya hopitali kabla, mume akiwepo, juu ya kulipa kidogo kidogo. Na kama pesa haijatimia, njoo vilevile.

Kwa mume

Kadi ya CPN ya mke wako uisome leo, na tarehe uiandike ukutani.

Kwa wanaoishi mbali

Mama wa Kabimba, wa Tembwe, wa barabara ya Nyunzu na wa kambi za wakimbizi wa ndani hawawezi kutegemea siku moja kabla. Boti inakataa kwa upepo, barabara inakatika kwa mvua. Ninyi sogeeni mjini wiki mbili kabla ya tarehe, mkae kwa ndugu au mahali ambapo reko wenu, mhudumu wa afya wa jamii, atawaonyesha, na mje na kadi, vikwembe viwili safi, sabuni, nguo za mtoto, na watu wawili waliopimwa damu. Anayebaki na watoto nyumbani ajulikane kwa jina kabla hamjaondoka, maana mama wengi wanarudi njiani kwa sababu hiyo moja.