Rafiki Anayekuacha Umesimama
Somo la urafiki wa Kikristo kwa sisi tunaosoma Unguja

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: 1 Samweli 23:14-18, Matendo 9:26-28, 11:22-26, 15:36-40, 2 Timotheo 4:11.

Kila mwaka masomo yanapoanza, boti zinashusha wanachuo wapya bandarini Malindi. Wapo waliotoka Mbeya, Iringa, Moshi na Mwanza. Wengi wao wamelelewa kwenye makanisa yenye kwaya mbili tatu, na mama anayegonga mlango Jumapili alfajiri. Sekondari walikuwa UKWATA au TYCS. Sasa wamefika mahali ambapo kinachowaamsha ni adhana, makanisa yanahesabika, na nauli ya daladala kutoka Tunguu hadi Mkunazini au Minara Miwili inagombania mfuko mmoja na hela ya chakula. Na hapa hakuna wa kuwagongea mlango.

Tuseme ukweli, ndugu msomaji. Wengi wanaopoa kiimani chuoni hawakushindwa hoja na mtu yeyote. Wanapoa kimyakimya. Jumapili ya kwanza mtu amechoka na safari, ya pili ana kazi ya kukusanya Jumatatu, ya tatu bumu limekata, ya nne hata hakumbuki kuwa leo ni Jumapili. Anayeuliza "mbona hatuwaoni siku hizi?" anauliza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Swali la watu mia mbili halina wa kulijibu.

Hoja ya somo hili ni fupi. Ibada, kwaya na mikesha vina kazi yake, lakini kijana anaishi imani yake Jumanne na Alhamisi kwa sababu yupo mtu mmoja au wawili wanaoijua wiki yake. Na rafiki wa namna hiyo anapimwa kwa swali moja: akiondoka, anakuacha umesimama?

1. Yonathani alikwenda kufanya nini msituni?

Habari za Daudi na Yonathani tunazijua tangu shule ya Jumapili: agano, mishale, machozi ya kuagana. Lakini mara ya mwisho walipoonana huwa tunaipita haraka. Daudi amejificha msituni katika nyika ya Zifu. Sauli anamtafuta kila siku amuue. Yonathani, mtoto wa huyo huyo Sauli, anaondoka na kumfuata huko.

Angalia ambacho hakufanya. Hakupeleka jeshi, wala hakumwambia Daudi arudi mjini naye atayamaliza na mzee. Hakuhamia msituni wakae wote. Mwandishi anasema alimtia nguvu katika Mungu. Alimwondolea hofu, akamkumbusha ahadi ambayo Daudi mwenyewe alikuwa anaanza kuisahau, wakafanya agano mbele za Bwana. Kisha Daudi akabaki pale pale, na Yonathani akarudi nyumbani kwake.

Rafiki amekuja, ameondoka, na matatizo yako vile vile. Sauli bado anawinda. Kilichobadilika ni Daudi mwenyewe, maana sasa ana nguvu ya kuendelea. Yonathani hakumfunga rafiki yake kwake, alimfunga kwa Mungu.

Hapa kuna onyo kwetu. Kuna urafiki wa kiroho unaomfanya mtu asiweze kuomba mpaka fulani awepo, asiamue jambo mpaka amuulize fulani, asiende kanisani fulani akiwa amesafiri. Unaonekana mzuri, lakini huyo fulani akihitimu, imani ya mwenzake inahitimu naye.

2. Vijana wa Kiungani

Tusidhani mambo haya ni ya Israeli ya kale tu. Yamewahi kutokea hapa hapa Unguja.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa UMCA alifika Zanzibar, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa utumwani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani, Chuo cha Mtakatifu Andrea, nje kidogo ya mji. Miaka iliyofuata waliletwa wengine waliokamatwa majahazini: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hakuna aliyekuwa na baba, mama wala mjomba kisiwani. Mwaka 1887 simulizi zao wenyewe za kutekwa na kuuzwa zilitolewa kitabu, zikiwa zimetafsiriwa na A. C. Madan. Watoto ambao makwao wasingeelewana hata lugha walijikuta wanalala bweni moja, wanasoma kwa Kiswahili, wanasali pamoja. Undugu walioukosa wakaanza kuujenga wenyewe kwa wenyewe.

Katika wale wa mwanzo walikuwamo John Swedi na George Farajallah. Mwaka 1870 wote wawili waliwekwa kuwa mashemasi wadogo, ngazi ya kwanza kabisa ya utumishi. Muda si mrefu Farajallah akafariki. Kwa Swedi, mwenzake aliyeanza naye safari akawa hayupo tena. Angeweza kuishia hapo, na nani angemlaumu? Lakini aliendelea, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi kamili.

Baadaye akatokea Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyetoka utumwani. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza, kisha mwaka 1886 akatumwa bara, Chitangali, upande wa Masasi, pamoja na mkewe Lucy. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimweka kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Alitumika Chitangali zaidi ya miaka kumi, mbali na bweni lile, mbali na kanisa kubwa la Mkunazini.

Urafiki wa Kiungani haukuishia kuwa kikundi cha watu waliookoka pamoja na kukaa pamoja wakikumbushana. Ulikuwa unaandaa watu wa kutumwa. Ukipita Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, usiishie kuangalia minyororo na kupiga picha. Kumbuka na vijana hawa. Walikuwa na umri wetu.

3. Barnaba: asiyengoja kutafutwa

Sauli alipoamini, wanafunzi wa Yerusalemu walimkimbia. Barnaba peke yake ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume na kumdhamini kwa jina lake. Baadaye, kazi ya Antiokia ilipokuwa kubwa, Barnaba alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akampata, akaja naye, wakakaa mwaka mzima wakifundisha pamoja. Yaani alimfuata alipo, akamfungulia mlango, akampa kazi, akakaa naye. Hakutuma salamu.

Halafu kuna Marko, kijana aliyewaacha wenzake katikati ya safari. Paulo hakutaka kusafiri naye tena, Barnaba akataka, wakabishana mpaka wakaachana. Miaka mingi baadaye Paulo mwenyewe anaandika aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Ni nani aliyemtunza Marko mpaka akafaa? Ni yule aliyekubali kwenda naye wakati hafai.

Kwetu chuoni Marko yupo. Ni yule aliyekuwa anaongoza sifa mwaka wa kwanza, sasa akiona watu wa jumuiya anavuka barabara. Labda ana sapu mbili na anaogopa kudisko. Labda amempa msichana ujauzito. Labda alikopa hela ya jumuiya na hajarudisha. Tukishamjadili kwenye kikao tunaona tumemaliza. Lakini wahenga walishasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kumfuata hosteli na kumwambia "mdogo wangu, sijaja kukuhoji, twende tukale" ni somo la Biblia tosha kwa siku hiyo.

Kumfaa hakumaanishi kumfichia. Kama alichofanya kimemuumiza mtu mwingine, rafiki anakaa naye mpaka anatengeneza. Na jambo likiwa kubwa kuliko uwezo wako, kwa mfano mtu anazungumzia kujidhuru, usilibebe peke yako kwa kisingizio cha siri. Mpeleke kwa kiongozi wa kiroho au mshauri wa wanafunzi, siku hiyo hiyo.

4. Na mwenzako wa chumba?

Wengi wetu tunalala chumba kimoja na Mwislamu. Urafiki wa Kikristo unaotufanya tumwone mwenzetu huyo kama mtu wa kuepukwa, au wa kushindwa kwa mabishano, umepotea njia. Visiwa hivi vinajua gharama. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi Mtoni. Watu wa dini zote mbili waliumia.

Basi anza na madogo. Mwezi wa Ramadhani usimlie mwenzako chakula mbele ya uso. Akikukaribisha futari, nenda. Akikuuliza unaamini nini, mweleze kwa upole bila kuficha, kisha na wewe msikilize. Anayesimama imara kwenye imani yake haogopi kuwa jirani mwema. Kama rafiki wa imani anakutia nguvu kweli, wa kwanza kuona tofauti atakuwa huyo wa kitanda cha pili.

5. La kufanya semista hii

Tafuta mtu mmoja, au muwe watatu. Kwa urahisi na usalama, mvulana kwa mvulana, msichana kwa msichana. Wa mwaka wa tatu amtafute wa mwaka wa kwanza, asingoje kufuatwa. Kutaneni mara moja kwa wiki, nusu saa, hata kama ni chini ya mti kabla ya daladala kuja. Maswali matatu yanatosha:

(a) Wiki yako ilikuwaje, kweli kweli?
(b) Wapi ilikuwa ngumu kuishi kama Mkristo: darasani, kwenye hela, kwenye simu, kwenye mapenzi?
(c) Tuombe nini?

Msihubiriane. Someni aya chache, ombeni kwa ufupi, mwachane. Yanayosemwa yabaki hapo, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini. Na mkimaliza mwaka, kila mmoja aanze na mwingine mpya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Yonathani hakubaki msituni? Kubaki kungemsaidia Daudi, au kungemchelewesha?
2. Ni nani "Marko" katika jumuiya yetu, na nani amekwenda kumwona tangu alipoacha kuja? (Msitaje jina kikaoni. Nendeni.)
3. Rafiki yako mkubwa wa imani akihamishiwa chuo kingine kesho, ni lipi katika maisha yako ya kiroho litaendelea, na lipi litasimama?
4. Mwenzako wa chumba asiye Mkristo angeulizwa urafiki wenu umemfaidia nini, angejibuje?

Kwa wiki ijayo: soma Warumi 16 yote, uhesabu majina ya watu ambao Paulo anawasalimu. Kisha andika majina ya watu unaoweza kuwasalimu wewe hapa chuoni ukijua wiki yao ilivyokuwa. Orodha ikiwa fupi, anza na aliye karibu.